Mbiri Kalibu Sana

Aibu ya Shamim ilianza na kicheko, tena kicheko chake mwenyewe. Alicheka, akachekesha ofisi nzima, na laiti angefunga mdomo asubuhi ile, leo kusingekuwa na la kusimulia.

Lakini tumjue kwanza. Shamim binti Habib ni mtoto wa Mengo, Kampala, amezaliwa mtaa wa chini ya ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, kwenye kiwanja ambacho babu wa baba yake alikinunua alipofika na bidhaa zake kutoka pwani akaona hana haja ya kurudi. Baba yake, Mwalimu Habib, alifundisha watoto Kurani barazani, na nyumbani kwake Kiswahili hakikuchezewa. Ukisema "balabala" ulisimamishwa hapo hapo, useme "barabara" mara kumi, na chai yako inapoa. Shamim alisimamishwa mara nyingi, mpaka ulimi ukanyooka.

Vita vilipoisha mwaka 1986 alikuwa na miaka saba. Shuleni neno la Kiswahili likimponyoka, wenzake walimkimbia, maana kwao hiyo ilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, ya "toka nje" na "lala chini". Wakamwita mtoto wa soja, yeye ambaye baba yake hakuwahi kushika hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Alirudi nyumbani analia. Basi akajifunza Kiganda mpaka akawapita wenye nacho, na Kiswahili akakifungia nyumbani. Moyoni alijiambia kwamba iko siku kitamlipa heshima yake yote, na riba juu.

Siku hiyo ilikuja, nakwambia, ikaja na cheo. Mwaka 2016 Shamim alikuwa mhandisi mkuu wa mitandao katika kampuni moja ya Ntinda iliyokuwa inajenga kituo cha data cha kanda. Ni jengo lisilo na madirisha, limejaa kompyuta kubwa na baridi ya mashine, linalotunza kazi za watu wa Kampala, Goma, Juba na Kisumu: mafaili ya wagonjwa, vitabu vya vyama vya akiba, hati za mizigo ya wafanyabiashara mpakani. Wateja wengi walikuwa Wakongo na Wakenya, na simu zao zikilia, aliyetafutwa ni Madam Shamim. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Ambroise, mkuu wa ofisi ya Goma, alizoea kusema kwamba akimsikia Shamim kwenye simu anakaa vizuri kwenye kiti.

Sifa hizo zikampanda kichwani. Akaenda kwa mkurugenzi, Madam Akullo, mama wa Lira asiyependa maneno mengi, akamshawishi aweke kanuni: mafundi wote wanaofanya kazi nje ya ofisi waandike ujumbe wao wa kazi kwa Kiswahili, ili Goma na Kisumu wasome bila kutafsiriwa. Akullo akakubali. Kwa mafundi wa Kampala, ambao Kiganda ndicho wanachoota nacho, kanuni hiyo ilikuwa mzigo kweli kweli. Lakini waliifuata, maana kazi ni kazi.

Aliyeifuata kuliko wote alikuwa Mzee Lutaaya. Huyu alikuwa na miaka hamsini na nane, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza ndani ya mitaro, tangu enzi za nyaya za shaba za simu. Alijua kila mfuniko wa shimo kutoka Nakasero hadi Ntinda, na alipima kwa hatua kwanza ndipo akatoa utepe. Kiswahili alikiokota kwa wasimamizi wa Kikenya waliokuja kuchimba miaka ya tisini, na ile l na r aliziweka pale ulimi wa Kiganda unapoziweka. Mbili kwake ni mbiri. Daraja ni dalaja, mtaro ni mtalo. Alikuwa akiandika taratibu, kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, na akituma ujumbe anausubiri mpaka aone umekwenda.

Sasa, kazi iliyokuwa mezani kwa Shamim ilikuwa hii. Kituo cha data hakiunganishwi na dunia kwa uzi mmoja, hata kama uzi huo ni faiba bora namna gani. Unakipa njia mbili, kutoka kampuni mbili, na kila njia unaipa ruta yake, ile mashine inayopokea na kuelekeza kila kinachoingia na kutoka. Njia moja ikikatika, ya pili inabeba mzigo na mteja wa Goma hajui kama kuna kilichotokea. Na sharti kubwa ni moja, hata mtoto analielewa: njia hizo mbili zisikutane popote. Zikipita pamoja mahali pamoja tu, hata kama ni hatua mbili tatu, basi una njia moja yenye majina mawili.

Shamim alihangaika miezi mitatu. Wiki nne nzima zilikwenda kwenye ruta tu, akichagua za watengenezaji wawili tofauti, ili ugonjwa ukiipata moja usiikute nyingine. Njia nazo akazichagua kwa ramani walizoleta wenye kampuni. Moja mafundi waliiita ya chungwa, kwa rangi ya bomba lake, nyingine ya buluu. Kwenye karatasi ya chungwa ilizungukia Naguru, ya buluu ikapita chini upande wa Nakawa, mbali kabisa, karatasi imependeza. Kilichobaki ni mtu azitembee zote mbili kwa miguu na kuzitazama. Akatumwa Lutaaya.

Siku ya Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, Shamim amekaa kwenye kikao cha kutia sahihi mikataba ya njia hizo. Akullo yuko kwenye kiti cha mbele, wahandisi sita wamezunguka meza, Ambroise yuko kwenye spika ya simu kutoka Goma. Simu ya Shamim ikatetemeka. Ujumbe wa Lutaaya, hauna nukta wala koma:

"Madam mbiri kalibu sana hapa dalajani njoo uone"

Akausoma, akaanza kutikisika mabega. Daraja lenyewe alilijua kwa sifa, liko bondeni chini ya Ntinda, na pembeni yake kuna wachoma nyama ambao mji mzima unawajua. Na "kalibu", hata kwa Kiganda cha mtaani, ndiyo anayoambiwa mgeni aliyepiga hodi. Picha ikamjia kamili: mzee ameacha kupima, amekaa kwenye benchi kwa wachoma nyama, anamwita bosi wake aje wale mishikaki.

"Jamani, hebu sikieni ripoti ya kitaalamu," akasema. Akausoma kwa sauti ya Lutaaya, kila l na kila r mahali alipoiweka mwenyewe, akaivuta: "Mbi-ri! Ka-li-bu sana! Hapa da-la-ja-ni!"

Watu wakavunjika mbavu. "Mbili za kuku au za mbuzi?" mmoja akauliza. Ambroise alicheka mpaka spika ikakoroma: "Eh, Madam, ule muzee atatuua! Umuambie nakuya na basi ya leo!" Hata Akullo alitabasamu, na Akullo hatabasamu ovyo.

"Kwa hiyo njia ziko sawa?" Akullo akauliza, huku anavuta karatasi.

"Angekuwa na la maana angesema," Shamim akajibu. "Mtu anayekaribisha watu kwenye nyama ameshamaliza kazi."

Sahihi zikatiwa. Akiwa bado ana machozi ya kicheko machoni, Shamim akamjibu mzee: "Ahsante sana Mzee wangu. Nitakuja siku nyingine."

Lutaaya aliyasoma majibu hayo akiwa amesimama juu ya daraja. Akaelewa kwamba Madam amepata habari na atakuja kujionea. Siku nyingine ni ipi, hakuambiwa. Huenda ni leo jioni. Akakaa pale mpaka saa nane mchana, juani, asije akafika asimkute. Kisha akajaza fomu ya kampuni, ile ya Kiingereza yenye visanduku vya kutia alama: njia imetembelewa, ndiyo, mifuniko imehesabiwa, ndiyo. Daraja halikuwa na kisanduku. Akatia sahihi akaipeleka, maana lililobaki alishamwandikia Madam kwa Kiswahili kama ilivyoamriwa.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, Shamim alikula kwa baba yake Mengo, na mzaha ule akaubeba mpaka huko. Mwalimu Habib alikuwa ameshafika miaka themanini, macho hafifu lakini masikio mazima. Akamsikiliza binti yake anavyoigiza. Hakucheka.

"Mbili nini?" akauliza.

"Baba nawe! Mishikaki. Ananikaribisha."

"Kakwambia mishikaki?"

"Hakusema, lakini pale si kuna wachoma nyama?"

Mzee akaendelea kumenya chungwa lake. "Nimesomesha watoto wa Kiganda miaka hamsini," akasema. "Wakikosea herufi, neno huwa liko pale pale. Muulize mbili nini."

"Nitamuuliza, Baba," Shamim akasema, na hakumuuliza. Alikuwa na ruta za kupokea uwanja wa ndege siku iliyofuata, na mambo mengine, na mengine tena. Mtu akitaka kusahau jambo dogo hakosi jambo kubwa la kulifunikia.

Mzaha ulikua. Ukawa salamu ya ofisi. Mtu akifungua mlango wa chumba cha mashine anaambiwa "kalibu sana dalajani". Mtu akipita kwenda kula anaulizwa "mbiri?" Kuna siku Lutaaya alipiga simu kuomba buti mpya, na kijana mmoja wa mapokezi akamwambia, "Mzee, kalibu sana, kalibu sana!" huku wenzake wamejiziba midomo. Lutaaya akafurahi. "Asante, asante sana wanangu," akajibu, akawaombea heri. Shamim alikuwa amesimama pale. Kitu kilimchoma kidogo kifuani, akacheka na wengine ili kimtoke.

Wiki saba zikapita. Kituo kilifunguliwa, wateja wakaingia, ruta zikawaka taa zao za kijani. Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, taa za njia ya chungwa zikazima. Shamim hakushtuka, akamgeukia mwenzake na kusema sasa mtaona kazi ya njia ya pili. Hajamaliza sentensi, za buluu nazo zikazima.

Loo! Ruta mbili zile, wiki nne za kuchagua, zimekaa kwenye kabati zao, nzima kabisa, na hazina pa kupeleka hata neno moja. Simu zikaanza. Goma, Juba, Kisumu, kliniki, vyama vya akiba, malori yamesimama mpakani. Akullo akatoka ofisini kwake bila viatu, akauliza swali moja tu, "Zote mbili? Inawezekanaje zote mbili?" Shamim akachukua ufunguo wa gari.

Alipofika bondeni alikuta mashine ya kuchimba imesimama pembeni ya daraja, mkono juu. Walikuwa wanapanua mfereji kwa sababu ya mvua, na jino la mashine limeng'oa ubavu wa daraja pamoja na kila kilichofungwa pale. Mabomba mawili yalikuwa yananing'inia. Moja la chungwa, moja la buluu. Kati yao hakukuwa hata na upana wa kiganja. Kampuni ya buluu, mtaro wake uliposombwa na maji mwaka wa nyuma, iliomba kupita hapo na ikasahau kubadilisha ramani.

Shamim akasimama anayatazama. Mabomba mawili, karibu sana, hapa darajani. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Maneno yalijipanga yenyewe kichwani, yamenyooka, kila herufi mahali pake.

Chini, ndani ya tope mpaka magotini, alikuwepo Lutaaya, ameshaanza kuunganisha faiba kabla hata hajaitwa. Akainua uso, akamwona. Hakukuwa na lawama usoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza Shamim. Alifuta mikono kwenye suruali kama mwenyeji anayepokea mgeni wake.

"Umekuja, Madam," akasema.

Shamim aliitikia kwa kichwa tu, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya gari mahali asipoonekana.

Ilichukua saa tisa kurudisha mtandao. Siku ya pili Akullo akamwita Shamim peke yake. Mezani palikuwa na fomu ya Lutaaya, yenye visanduku vyote vimetiwa alama. "Wateja wawili wameondoka," Akullo akasema. "Lazima nijue. Huyu mzee ametembea njia, ametia sahihi, na juu ya daraja hakusema lolote ila kukukaribisha nyama. Au alikwambia?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Shamim aliuona. Simu ilikuwa mfukoni mwake, ujumbe ulikuwa ndani ya simu, na majibu yake ya "siku nyingine" yalikuwa chini yake. Akafikiria Ambroise atasemaje. Akafikiria kile cheo, na lile jina la Madam mwenye Kiswahili.

"Sikupokea ripoti ya daraja," akasema.

Maneno yale alikuwa ameyachagua. Ripoti, si ujumbe. Alijiambia kwamba hajasema uongo, na palepale akajichukia kwa kujua namna ya kuyachagua. Alasiri ile Lutaaya akapewa barua: asifike kazini mpaka kikao cha Jumatatu, na kikao kikimwona na kosa, jina lake litaondolewa kwenye orodha ya mafundi. Mtu wa miaka hamsini na nane akiondolewa kwenye orodha hiyo, hakuna kampuni nyingine itakayomwandika.

Siku nne zile Shamim hakulala usingizi wa kueleweka. Jumapili akaenda Mengo, na baba yake alikuwa amesikia redioni kwamba mtandao ulizima.

"Ni lile daraja la yule mzee?" akauliza.

"Ndilo."

"Ulimuuliza mbili nini?"

"Hapana, Baba."

Shamim alitamani afokewe, asimamishwe hapo hapo, aambiwe arudie mara kumi. Mzee akasema tu, "Yale uliyokuwa unayalilia ukitoka shule, niliyasahau. Nilidhani wewe hukuyasahau." Akainuka taratibu akaenda kutawadha.

Jumatatu Lutaaya alikuja amevaa koti. Koti la harusi na la mazishi, unalijua, limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Alikuwa na nakala ya fomu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Wale wale sita walikuwepo, na Ambroise kwenye spika.

"Mzee," Akullo akaanza kwa Kiswahili, pole pole, "uliona mabomba yako pamoja?"

"Niliona, Madam."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliandikia Madam Shamim. Kwa simu. Siku ile ile. Nikangoja pale juani mpaka saa nane."

Chumba kikageuka kumtazama Shamim, kisha kikarudi kwa Lutaaya. Akullo akasema, "Madam Shamim anasema hakupokea ripoti. Unaweza kutuonyesha huo ujumbe?"

Lutaaya akatoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Ile ya zamani ilianguka kwa mtalo siku ya kuunganisha," akasema. Akamtazama Shamim. Akamtazama sana, na Shamim akaona mzee anaelewa kila kitu, anapima kama anavyopima mitaro, kwa hatua, kimya kimya. Kisha akashusha macho na kusema kwa upole, "Basi labda haikufika. Network ya bondeni ni mbaya. Si kosa ya Madam."

Wallahi, bora angemtukana. Angemwita mwongo mbele ya watu, Shamim angeweza kujitetea, angeweza hata kukasirika. Lakini mzee alikuwa anamfungulia njia ya kutoka, na yeye mwenyewe abaki ndani. Uso wa Shamim ukawaka moto mpaka masikioni. Akatoa simu.

"Ulifika," akasema. "Niliupata saa tatu na nusu, nikiwa kwenye kiti hiki hiki. Nausoma." Akasoma kama ulivyoandikwa, maana hakuwa na namna nyingine: "Madam mbiri kalibu sana hapa dalajani njoo uone."

Wakacheka.

Ndiyo, wakacheka! Wafanyeje? Alikuwa amewafundisha mwenyewe, wiki saba, asubuhi na mchana. Mmoja akapiga meza. Spika ikakoroma, na sauti ya Ambroise ikasema, "Kalibu sana dalajani!" kama mtu anayeitikia. Walidhani Madam ameamua kupunguza uzito wa kikao kwa mzaha wao wa zamani.

Lutaaya naye akaanza kutabasamu, kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayeona wengine wamefurahi. Halafu tabasamu likasimama. Akawatazama mmoja mmoja. Shamim alimwona anavyorudi nyuma, anakumbuka ile simu ya buti, "kalibu sana, kalibu sana", na yeye anavyowashukuru na kuwaombea heri. Mzee akaushika ule mfuko wa plastiki kwa mikono miwili, akauinamia.

"Nyamazeni," Shamim akasema. Hawakusikia. "Nyamazeni!" Sauti ikapasuka. Wakanyamaza. "Mbili," akasema, "karibu sana. Hapa darajani. Njoo uone." Kila neno aliliweka mbele yao peke yake. "Alikuwa ananiambia. Njia mbili ziko karibu sana. Nyinyi mlitia sahihi kwa sababu mimi nilikuwa nawachekesha. Na niliyomjibu ni haya: ahsante sana Mzee wangu, nitakuja siku nyingine. Akanisubiri pale juani mpaka saa nane. Na Jumatano Madam Akullo aliponiuliza, nilimficha."

Goma kulikuwa kimya mpaka mtu angedhani laini imekatika tena.

"Ujumbe ungekuja kwa Kiganda ningeuelewa kabla sijaumaliza," Shamim akamalizia. "Mimi ndiye niliyemkataza Kiganda."

Yaliyofuata ni ya ofisini, yanasemeka upesi. Akullo alirarua nakala ya ile barua ya kumsimamisha mzee mbele ya wote. Kazi ya kuchagua njia akampa mtu mwingine, na Shamim akabaki mhandisi wa kawaida, akikaa meza ya pembeni karibu na mlango. Hakulalamika. Njia ya tatu ikanunuliwa, ya mawimbi ya redio, kutoka paa la Ntinda mpaka mnara wa Nakasero, isiyopita kwenye daraja la mtu yeyote. Mafundi wakaruhusiwa kuandika kwa lugha wanayotaka. Lutaaya alirudi kazini, na kila anachokiona sasa anakipiga picha, anaituma picha hiyo bila neno hata moja chini yake.

Siku ya kikao alitoka bila kuaga mtu, na Shamim hakupata kumwomba msamaha. Alimtafuta kwenye simu mara tatu, haikupokelewa. Ndipo Jumapili iliyofuata, alasiri, kabla mzee hajarudi kazini, akachukua barua mpya ya kazi, ile ya kumrudisha mzee, akasema ataipeleka kwa mkono wake. Alipouliza anapokaa Lutaaya akaambiwa ni Mengo, upande wa pili wa ukuta wa Lubiri. Miaka yote hiyo, mwendo wa dakika kumi kutoka barazani kwa baba yake, na hakuwahi kujua.

Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, ua umefagiwa, buti zile mpya zimeanikwa juu ya jiwe. Mlango ulikuwa wazi nusu. Shamim akasimama nje. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, ya Kiganda na ya Kiswahili, na yote yakamtoka.

"Hodi," akaita. "Hodi, Mzee."

Hatua zikasikika. Lutaaya akatokea mlangoni, shati bila koti, miwani puani. Akamwona ni nani. Na kwa mazoea ya mtu yeyote wa mji huu anayebishiwa hodi, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Ka..." akaanza.

Akasita hapo, kabla ya ile herufi inayofuata. Ulimi ulikuwa umeshanyanyuka, Shamim aliuona, haujui ushuke upande gani. Mzee akatazama chini, uso umemjaa haya, yeye, ambaye hakumkosea mtu. Akaumeza ule mwanzo wa neno. Akausukuma mlango ukafunguka wote, akasogea kando kumpisha.

"Yingira, nnyabo," akasema kwa Kiganda. Ingia, mama.

Shamim akavua viatu kizingitini, akaingia, hajaambiwa karibu.